Wati 15 si sawa na wati 100

Usiku wa tatu tangu tulete vifaranga, mke wangu aliniamsha saa tisa. "Baba, njoo uone. Taa inawaka lakini wamerundikana." Nilivaa kandambili nikatoka, mvua ya Seeta, nje kidogo ya Kampala, ikinyesha ile ya kutokata. Ndani ya banda kulikuwa na mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Vifaranga 50 walikuwa wamejibana kona moja, wamepandana, na wale wa chini hawakuwa wakihema tena. Kulipokucha tulizika 17.

Taa niliinunua mwenyewe. Ile ya zamani, ya wati 100, yenye uzi unaowaka ndani ya kioo, ilikuwa imeungua, na Hajji wa dukani akanipa ya LED. Kwenye boksi lake palikuwa pameandikwa 15W = 100W. "Mwanga ni ule ule, umeme kidogo," aliniambia, na hakunidanganya. Usiku ule, nikiwa nimechuchumaa bandani, niliweka kiganja chini ya ile taa. Hakuna kitu. Nikagusa kitako chake, pale inapoingia kwenye soketi: palikuwa na moto wa haja. Joto lote dogo iliyokuwa nalo lilikuwa linakimbilia juu, kwenye waya na mbao, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale aliposimama.

Nimesoma fizikia hadi S.6, mwisho wa sekondari. Sina wa kumlaumu. Lakini tangu siku hiyo sijaacha kuifikiria ile alama ya usawa. Sawa kwa nini? Na sawa kwa nani?

Wati ni hesabu ya kula. Inakuambia taa inameza umeme kiasi gani, haikuambii inafanya kazi gani. Kazi ya mwanga hupimwa kwa lumeni, na balbu yangu mpya na ile ya zamani kwa hesabu ya lumeni zilikaribiana kweli. Ila lumeni nayo ina upendeleo ambao wauzaji hawautaji, pengine kwa sababu hawaujui: imetengenezwa kwa jicho la binadamu. Mwanga wa kijani unaoelekea manjano, karibu nanomita 555, ndio jicho letu linaupokea vizuri zaidi, kwa hiyo unapewa alama nyingi. Mwekundu wa mwisho na zambarau hupewa alama kidogo. Mionzi iliyo nje ya hapo, ya joto upande mmoja na ya urujuanimno upande wa pili, hupewa sifuri hata kama inamwagika kama maji ya Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo 15W = 100W ni sentensi iliyokatwa mkia. Mkia wake ni: "kwa macho yako wewe." Kifaranga hakuulizwa.

Kiswahili chetu ni tajiri katika jambo hili. Tuna mwanga, mwangaza, nuru, mng'ao, weupe, miale, na watu wa pwani wanamwita mchawi wa usiku mwanga vilevile. Lakini tukifika dukani, iwe Kikuubo, soko la jumla la Kampala, au kwenye kibanda cha jirani, tunabaki na maneno mawili: "taa kali." Ndiyo maana tunauziwa taa kali.

Swali ambalo ningetaka tujifunze kuuliza ni lingine: mwanga huu umezaliwa vipi?

Wengi wetu tuliokulia kijijini tulisoma kwa tadooba, kile kikopo cha mafuta ya taa chenye utambi. Itazame vizuri ukiipata. Ulimi wa moto una bluu hafifu chini, karibu na utambi, na manjano juu. Bluu ni molekuli za gesi zilizovunjika zinapokuwa zinaungua. Manjano, ambayo ndiyo tuliyosomea, ni masizi: chembe ndogo mno za kaboni zilizopata moto hadi zikang'aa. Zile zinazowahi kuungua zikamalizika hazionekani tena. Zisizowahi hupanda darini, hushika ukutani, huingia puani, na asubuhi unapenga kamasi jeusi. Moshi wa tadooba, basi, ni mwanga wenyewe uliopoa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulipima taa za utambi za aina hii na kukuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta inageuka masizi. Huwezi kuiboresha tadooba ikatoa ule mwanga wa manjano bila masizi. Ukiyaondoa masizi umeondoa na manjano, na unabaki na bluu isiyoweza kukuonyesha hata herufi.

Balbu ya zamani ni mjukuu wa tadooba. Badala ya chembe za kaboni kuna uzi wa tangsteni, umeme unaupasha hadi karibu nyuzi 2,400 za Selsiasi, nao unang'aa. Jua pia limo katika ukoo huu: uso wake una nyuzi kama 5,500, na hiyo ndiyo sababu mwanga wake ni mweupe kuliko wa balbu. Nenda Katwe, Kampala, ukawatazame wafua vyuma. Hakuna anayetumia kipimajoto. Chuma kikiwa chekundu bado, kikiwa cha machungwa kimekaribia, kikianza kuwa cheupe fundi anapiga kelele mtoto asogee. Kila kitu kilichopata moto hufuata mpangilio huo, kiwe chuma, mkaa au nyota. Mwanafizikia Max Planck, mwaka 1900, alipokuwa akitafuta kanuni ya rangi hizi kutokana na vipimo vilivyofanyika Berlin, alilazimika kukubali kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipenda: kwamba nishati hutoka kwa vipande na si kwa mfululizo kama uji. Sehemu kubwa ya fizikia ya karne ya 20 ilitokea kwenye swali ambalo fundi wa Katwe analijibu kwa jicho.

Kwa uzi wa nyuzi 2,400, sehemu kubwa ya mionzi bado iko upande wa joto usioonekana. Katika wati 100, kama wati 5 tu ndizo zinazotoka kama mwanga wa kuonekana. Tumefundishwa kuziita zile 95 upotevu, na kwa sebule ni upotevu kweli. Kwa banda langu ilikuwa kinyume. Zile 95 ndizo zilizokuwa kazi, na zile 5 ndizo zilizokuwa zinapotea, zikiwaangazia vifaranga waliotakiwa kulala.

Kuna ukoo wa pili wa mwanga, nao hauhitaji kitu kuwa cha moto hadi kung'aa chenyewe. Ndani ya atomu elektroni hukaa kwenye ngazi maalumu, kama mtu kwenye ngazi za nyumba. Anaweza kusimama ya pili au ya tatu, hawezi kusimama katikati. Ikisukumwa juu kisha ikarudi chini, inatoa kipande kimoja cha mwanga, fotoni, chenye nishati sawasawa na urefu wa ile ngazi. Kila elementi ina ngazi zake, kwa hiyo ina rangi zake. Umeona maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria na kugusa moto wa gesi? Moto wa bluu unageuka manjano ghafla. Hiyo ni sodiamu ya ile chumvi ikijitaja jina, nanomita 589, rangi ile ile ya taa za barabarani za zamani zinazofanya kila gari lionekane la kahawia.

Wanasayansi Bunsen na Kirchhoff walilitambua jambo hili Ujerumani mwaka 1859 na 1860, na miaka michache baadaye likazaa kisa ninachokipenda sana. Mwaka 1868 mstari wa manjano usiolingana na elementi yoyote inayojulikana ulionekana katika mwanga wa Jua. Wanasayansi wakaipa elementi hiyo mpya jina la heliamu, kutokana na jina la Jua kwa Kigiriki, na ilibidi kungoja hadi 1895 ndipo ikapatikana hapa duniani. Tuliijua kwa mwanga wake miaka 27 kabla ya kuishika.

Jaribu nyumbani. Tafuta DVD ya zamani, zile za filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ ambazo siku hizi zimejaa vumbi chini ya televisheni. Zima taa zote ubakishe moja, geuza upande unaong'aa, utazame taa kwa pembeni. Nilifanya hivyo na mwanangu. Mshumaa ulitoa upinde kamili, laini, nyekundu ikitawala. Taa ya bomba la kuzunguka, zile za kuokoa umeme zilizogawiwa kwa maelfu baada ya mgao mkali wa mwaka 2006, ilitoa vipande: bluu, pengo, kijani, pengo, nyekundu. LED ilitoa bluu nene, bonde, kisha kilima cha kijani na manjano. Kwa macho yetu taa hizi mbili za mwisho zilikuwa "nyeupe" sawa. Mwanangu akauliza, "Kumbe nyeupe ipi ndiyo nyeupe?" Nikamwambia aendelee kushika DVD.

Twende Masaka, maana huko ndiko nilikoelewa kwamba swali hili si la watoto wa shule.

Shemeji yangu ana mtego wa nsenene, wale panzi wa kuliwa wanaoruka usiku, kwenye kilima nje kidogo ya mji. Yeye ni wa ukoo wa Nsenene, ambao mwiko wao ni mdudu huyo, kwa hiyo haonji hata mmoja. Anauza tu, na nikimtania hucheka hadi machozi. Ifikapo Novemba, mwezi ambao Waganda wanauita Musenene, mabati mapya yanaegemezwa kwenye mapipa, majani mabichi yanachomwa ili moshi uwalevye wadudu, na juu ya nguzo inaning'inia balbu ya wati 400 ambayo huwezi kuitazama.

Ndani ya balbu ile kuna kibomba kidogo, na ndani ya kibomba kuna tone la zebaki. Umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine kupitia mvuke wa zebaki, atomu zinasukumwa juu na kuanguka, na kila zikianguka zinatoa rangi zao: zambarau, bluu, kijani, manjano. Zinatoa na mstari mwingine wenye nguvu, karibu nanomita 365, ambao binadamu haoni kabisa. Wadudu wengi wanauona. Shemeji anasema taa ile "ina makali." Msimu mmoja alijaribu LED nyeupe kubwa ili apunguze bili, taa ambayo machoni pake ilikuwa kali vilevile, na mapipa yakabaki nusu matupu. Akaitoa akaifunga chooni. Mimi na yeye tulikuwa tumenunua sentensi ile ile iliyokatwa mkia: mimi niliuliza lumeni kwa niaba ya vifaranga, yeye kwa niaba ya nsenene.

Usiku niliokuwa naye huko, mwendo wa saa nne, umeme ulipepesa. Sekunde moja tu, taa za nyumba za bondeni zilirudi kabla hujasema "lo." Balbu ya mtego haikurudi. Vijana wakakaa kwenye makreti, moshi ukipanda gizani, nsenene wakipita juu kwa sauti ile ya mvua ya mbali, na hakuna mtu aliyegusa kitu. "Inangojwa ipoe," shemeji alisema. Ilichukua dakika kama saba.

Nilimweleza sababu wakati tunangoja, na ni sababu nzuri. Taa inapoanza ikiwa baridi, mvuke ni mwembamba na umeme unapenya kwa urahisi. Ikishapata moto, zebaki yote imekuwa mvuke, atomu zimesongamana kama watu kwenye geti la Taxi Park saa moja jioni. Aliye katikati anaendelea kupita kwa sababu ameshafungua njia. Akisimama hata kidogo, njia inafunga, na nguvu ya umeme wa kawaida haitoshi kuifungua tena hadi umati upungue, yaani hadi kibomba kipoe. Iliporudi ilianza kwa ubluu mnyonge, ikapanda polepole hadi weupe. Shemeji aliniuliza kama kusoma kwangu kote kunaweza kumrudishia zile dakika saba. Hakukuweza.

Mbona wadudu wanaufuata mwanga? Tumezoea kusikia kwamba wanadhani ni mwezi. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London na wenzao wa Florida walichapisha matokeo ya kuwapiga picha kwa kamera za kasi nondo, kereng'ende na wadudu wengine, wakaonyesha jambo jingine: mdudu hugeuzia mwanga mgongo wake. Kwa mamilioni ya miaka juu ndiko kulikokuwa na mwanga na chini giza, kwa hiyo kugeuzia mwanga mgongo ndiko kulikomweka sawasawa angani. Ukiweka balbu pembeni yake anajipinda kuizunguka, na akipita juu yake anajigeuza na kuanguka. "Ndiyo maana wanaangukia mgongo," shemeji alisema mara moja. Huo si utafiti, ni shemeji tu, lakini nimeuandika.

Kuna kitu kimoja huko Masaka ambacho sikipendi, na nilimwambia wazi. Kioo cha nje cha balbu ya zebaki si pambo. Kinazuia sehemu mbaya zaidi ya urujuanimno isitoke. Kikipasuka, kibomba cha ndani kinaweza kuendelea kuwaka kama kawaida, na watu wanasema "bado nzima hii." Vijana wanaokesha chini ya taa ya namna hiyo wataamka na macho yenye mchanga, kama mtu aliyechomelea vyuma bila miwani, na ngozi iliyoungua bila jua. Balbu iliyopasuka kioo cha nje itupwe, hata kama inawaka. Hapa sina "kwa upande mwingine."

Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, ziwani wanaijua habari hii kwa njia yao. Nao hungoja usiku usio na mwezi, kwa sababu mbalamwezi inaifanya taa yao isiwe kitu. Zamani walibeba karabai, na kile kimfuko cheupe cha karabai kina ujanja wake: kilitengenezwa kwa oksidi za thoriamu na seriamu, ugunduzi wa Auer von Welsbach wa Austria mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu kikipata moto hutoa mwanga mwingi wa kuonekana na joto kidogo kuliko ambavyo ungetegemea. Leo wengi wamehamia LED na betri, na kwa kazi yao imekubali: hakuna mafuta, hakuna upepo wa kuizima, na maji hayahitaji joto.

Kwa hiyo sisemi LED ni mbaya. Ni ufundi wa ajabu. Hakuna uzi wala mvuke, kuna kipande cha kristali ambamo elektroni huanguka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na rangi inategemea urefu wa anguko. Nyekundu ilipatikana miaka ya 1960. Bluu iliwashinda watu kwa miaka 30, hadi Akasaki, Amano na Nakamura wa Japani walipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Nobeli ikaja mwaka 2014. LED nyeupe ni bluu hiyo iliyopakwa unga wa manjano. Itazame ikiwa imezimwa, utaona madoa kama kiini cha yai. Sehemu ya bluu inapita, sehemu inageuzwa manjano, na jicho letu linachanganya viwili hivyo na kusema nyeupe.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia, aliposikia haya alinisahihisha. Fotoni haina ukoo, alisema. Fotoni ya nanomita 589 iliyotoka kwenye chumvi na ya nanomita 589 iliyotoka kwenye Jua hazina tofauti yoyote, huwezi kuzitenganisha hata uapishwe. Ni kweli, na ninaondoa neno "ukoo" kwa fotoni mojamoja. Lakini hakuna anayenunua fotoni moja. Tunanunua umati, na umati unaonyesha ulikotoka: nani wengi, nani wachache, nani hawakuja kabisa. Kwenye umati wa LED yangu waliokosekana ni wale wa joto.

Ningependa kuona shirika letu la viwango, UNBS, likidai kila boksi la taa liandike lumeni na kelvini kwa herufi kubwa kuliko ile "sawa na," na liandike kwa lugha ambayo mnunuzi wa Nakasero na wa Busia wote wanaisoma. Kelvini ni ile 2700K au 6500K: namba ndogo ni mwanga wa manjano kama wa balbu ya zamani, kubwa ni mweupe unaoelekea bluu. Uganda tumependa 6500K hadi kwenye baraza, halafu tunalalamika wadudu wamejaa mlangoni. Kwa kawaida taa ya manjano huwaita wachache. Watu wataniambia lebo hazisomwi. Huenda. Lakini ile alama ya = niliisoma, na nikaiamini.

Asubuhi ile ile ya maziko mke wangu alileta chungu cha udongo chenye matundu, akajaza mkaa, akaufunika kwa jivu, akafungua dirisha kidogo ili hewa ipite. Usiku uliofuata nilikwenda tena saa tisa na tochi ya simu. Nikaizima mlangoni. Ndani palikuwa giza, ila wekundu mdogo kwenye matundu, usiotosha hata kuonyesha vidole vyangu. Nilisikia kimya, kisha mlio mmoja wa usingizi. Nikawasha tochi. Walikuwa wametawanyika banda zima, mmojammoja, shingo chini na mabawa wazi. Nikawahesabu: 33.